Kipolari: Msimbo wa Baa za London

Wanafunzi wa lugha wamezoea kuuliza lugha fulani yasemwa wapi na watu gani. Ni mara chache waulizapo yasemwa ili nani asielewe. Swali hili la pili ndilo litufaalo katika kukichunguza Kipolari, usemi wa siri uliotumiwa katika baa na vilabu vya London na wanaume waliopenda wanaume wenziwao, hata ulipofifia baada ya miaka ya sitini ya karne iliyopita.

Asili ya siri hiyo ilikuwa sheria. Tangu mwaka 1885 mwanamume aliyeshtakiwa kwa tendo la aibu na mwanamume mwenziwe, hata faraghani, aliweza kufungwa miaka miwili pamoja na kazi ngumu. Ndicho kifungo alichopewa mwandishi Oscar Wilde mwaka 1895. Basi mahali pa kukutania palikuwa pa hatari. Mwezi wa Agosti 1934 polisi waliivamia kilabu iitwayo Caravan, katika mtaa wa Endell, wakakamata watu zaidi ya 100. Mtu aliyeketi na bilauri yake hakujua kama jirani yake ni rafiki au ni askari aliyevaa kiraia. Neno moja lilitosha kumpima: akilijibu, ni mwenzi, akikodoa macho, mazungumzo yaligeuzwa yakawa ya mvua na baridi.

Maneno yenyewe yalitoka pande nyingi: kwa wachezaji wa sarakasi na maonyesho ya barabarani, kwa mabaharia, kwa wezi, na kwa Wayahudi wa mashariki ya London. Kiitaliano kimechangia sana. Jina Polari latokana na neno lenye maana ya kusema. Bona ni nzuri, omi ni mwanamume, nanti ni hapana. Palone ni mwanamke. Kwa kuunganisha mawili walipata omi-palone, mwanamume apendaye wanaume, na kwa kuyageuza, palone-omi, mwanamke apendaye wanawake. Msomaji ataona kwamba neno litangulialo ndilo lionyeshalo jinsi ya mtu. Sarufi, lakini, ilibaki ya Kiingereza. Kwa hiyo Kipolari ni akiba ya maneno zaidi kuliko lugha kamili.

Njia moja ya kuunda maneno haitakuwa ngeni kwa Waswahili, kwani yafanana na kinyume chetu. Neno hair, yaani nywele, lilisomwa kutoka mwisho likawa riah. Na face, yaani uso, likawa ecaf, kisha likakatwa likabaki eek. Hata hivyo pana tofauti. Kinyume hugeuza silabi, kitabu kikawa bukita, na asiyejua kusoma aweza kukisema. Riah limegeuzwa herufi kwa herufi. Aliyeliunda hapana budi aliliona neno limeandikwa.

Kati ya 1965 na 1968 redio ya BBC ilitangaza mchezo wa kuchekesha, Round the Horne, ambamo Julian na Sandy walisema Kipolari mbele ya mamilioni ya wasikilizaji. Siri ikawa mzaha wa nchi nzima. Mwaka 1967, miaka kumi baada ya taarifa ya kamati ya Wolfenden, sheria ya Uingereza na Wales ilibadilishwa: wanaume wawili waliotimiza miaka 21 hawakushtakiwa tena kwa jambo la faragha. Vijana waliofuata waliona usemi ule ni alama ya woga wa wazee.

Lugha nyingi hufa kwa sababu wasemaji wake wameonewa. Hii ilififia kwa sehemu kwa sababu uonevu ulipungua. Kifo cha namna hiyo si cha kulilia. La kusikitisha ni kwamba uchunguzi mkubwa wa Paul Baker ulichapishwa mwaka 2002, wazee wengi wakiwa wamekwisha kufa. Mtaalamu adharauye usemi wa watu waliodharauliwa huchelewa, na mauti hayamngoji.