Friji la Nyakato, Dau la Sengerema

Mtumishi anayehamishwa kikazi kutoka Mwanza hupewa siku chache za kujiandaa. Muuguzi kapangiwa Kigoma, mwalimu kapelekwa Masasi, na nauli ya kusafirisha kabati la vyombo hadi huko inaweza kushinda bei ya kabati lenyewe. Zamani alikuwa na njia mbili: amwite dalali ampe bei ya kumwonea, au amwachie shemeji kwa ahadi ya kulipwa "mambo yakikaa sawa". Siku hizi iko ya tatu, nayo ndiyo ninayoisimamia jioni nikishafunga duka langu la daftari na sare za shule hapa Nyakato. Ni mnada wa kundi la WhatsApp.

Nasema mnada, sisemi tangazo. Matangazo yamejaa kila mahali. Kuna Facebook, kuna Instagram, kuna Jiji, ambayo mwaka 2019 ilinunua biashara ya OLX katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo. Huko kote muuzaji anataja bei, mnunuzi anauliza "mwisho ngapi?", wanaanza kuvutana. Na yuko yule asiyetaja bei kabisa, anayebandika picha ya sabufa na kuandika "bei njoo inbox". Mimi na huyo hatupatani. Ukishamvuta kila mteja chemba, kila mmoja anajiona yuko peke yake, na aliye peke yake hana sababu ya kuongeza hata elfu moja.

Nieleze kwa friji. Mwaka jana jirani yangu, muuguzi, alikuwa anahama na friji la milango miwili. Dalali wa kwanza alilizunguka, akagonga mlango kwa kidole, akasema laki na nusu kwa kuwa "gesi inaonekana inaisha". Nikamwambia jirani asubiri hadi jioni. Tulipiga picha tano: mbele, ndani, nyuma kwenye mota, karatasi ya nyuma yenye namba, na ile kona ya chini iliyopata kutu. Nikaandika dau la kuanzia: 120,000.

Jirani alitaka kulia. Mbona umeanzia chini ya dalali? Hapo ndipo wauzaji wengi hunigomea, na hapo ndipo siri ilipo. Ukianzia juu, watu hutazama picha na kupita. Ukianzia chini wanaingia, na aliyekwisha kutaja dau lake mbele za watu huona lile friji kama limeshakuwa lake na wengine wanataka kumpora. Kumlinda muuzaji, ananinong'oneza bei ambayo chini yake hauzi. Kwenye kundi natangaza kwamba bei ya chini ipo, ila siitaji. Isipofikiwa, kitu kinarudi ndani na hakuna wa kulaumiana.

Lile friji lilibaki na watu wawili. Mmoja alikuwa mama wa Igoma anayeuza juisi, mwingine kaka mmoja wa Sengerema. Mama akafika laki mbili na sitini, akaandika, "Jamani mwanangu, niachie." Kaka akajibu, "Shikamoo mama, samahani sana, 265." Mama akaitikia marahaba, akaishia hapo. Baadaye yule kaka alinieleza kwamba alikuwa tayari kufika laki tatu. Angekuwa peke yake inbox, asingezidisha laki mbili.

Kwa hiyo bei ya mnada haipangwi na mwenye hamu kuliko wote. Inapangwa na anayemfuatia. Mchumi William Vickrey aliliandika jambo hili kitaalamu mwaka 1961, na mwaka 1996 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mtandao wa eBay wa Marekani, ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995 na ambao unakumbukwa kwamba miongoni mwa vitu vya mwanzo kuuzwa ilikuwa tochi ya leza iliyokufa, kwa dola 14.83, unafanya kazi kwa namna hiyo. Unauambia mtandao kiwango chako cha mwisho kwa siri, nao unakupandishia kidogo kidogo, hatua moja tu juu ya mshindani wako. Sisi hatuna mashine hiyo. Tuna macho ya watu wote kwenye ukurasa mmoja, na yanatosha, mradi wawepo wawili wenye nia ya kweli.

Tatizo la saa ya kufunga nalo ni la dunia nzima. Ukisema mnada unafungwa saa tatu kamili usiku, watu watakaa kimya kama mamba, halafu saa mbili na dakika hamsini na tisa wanarusha dau. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza hilo wakachapisha mwaka 2002. Walilinganisha eBay, iliyokuwa inafunga kwa saa maalumu, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambayo dau likiingia mwishoni muda ulikuwa unasogezwa mbele dakika kumi. Kwenye eBay wenye kuvizia walikuwa wengi zaidi. Kundini kwetu mnada haufungwi kwa saa. Unafungwa zikipita dakika tano bila dau jipya, nami naandika "mara ya kwanza", "mara ya pili", "mara ya tatu", kama wafanyavyo wapiga mnada wa ng'ombe huko Usukumani. Dau ni la maandishi tu. Voisi noti sizipokei. Mtu akishindwa kulipa husema alikuwa anatania.

Wakati wa kuuza ni nusu ya bei. Mishahara ya serikali ikishaingia, kuelekea mwisho wa mwezi, meza na makochi yanatoka. Januari usihangaike, ada na sare zimemaliza watu (hapo nafaidika mimi wa dukani). Na wako wateja ambao kalenda yao ni mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazivuti kitu, wengi wanapumzika nchi kavu, simu mkononi na fedha mfukoni. Hao wa Ukerewe na Kome ndio wananunua redio, sabufa, betri na paneli za sola, na mzigo unapandishwa meli ya Nansio au boti ya kwenda kisiwani kwao. Kitu ambacho mjini kimekaa wiki nzima bila dau, mbalamwezi inakiondoa kwa jioni moja.

Hata ng'ambo ya ghuba kumesogea. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa rasmi tarehe 19 Juni 2025, mnunuzi wa Sengerema au Geita alikuwa anapiga hesabu ya foleni ya kivuko pamoja na bei ya friji, na kirikuu ya kubeba ilikuwa inamlipisha hadi muda wa kusubiri. Sasa ni kilomita tatu za daraja, dakika chache, amevuka. Dau kutoka upande ule limekuwa la kawaida kabisa, na nadhani hilo limepandisha bei za Nyakato na Buhongwa kuliko maarifa yangu yote.

Kuhusu fedha nina ukali. Mnunuzi aje, awashe, aone linagandisha, ndipo alipe. Muuzaji naye asiamini meseji. Meseji ya "umepokea" mtu anaweza kuitunga mwenyewe na kukutumia kwa namba yake. Ingia kwenye menyu, kwa M-Pesa ni *150*00#, angalia salio kwa macho yako, kisha ndipo mzigo upande bajaji. Akikupigia mtu asiyeliona friji na kudai ametuma pesa zaidi kwa bahati mbaya, umrudishie chenji, huyo ni tapeli. Namba yake iripoti TCRA kwa kutuma kwenda 15040.

Simu za mkononi nilikuwa sizipokei kabisa mnadani. Sasa napokea kwa sharti: muuzaji abonyeze *#06#, atume picha ya zile namba, na mnunuzi azihakiki kwa kuzituma 15090 kabla ya kulipa. Tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, kila mtu anajua simu inaweza kugeuka kipande cha plastiki. Kwa televisheni, cherehani na pikipiki nataka risiti, na kama imepotea basi waandikishiane mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa, majina na namba za vitambulisho vikiwepo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamhusu anayepokea mali ya wizi, na polisi wakija hawaanzi kwa kumtafuta admini wa kundi. Wanaanza na mwenye televisheni sebuleni.

Vipo visivyouzika. Televisheni ya chogo hata kwa dau la elfu tano haipati mtu. Mpe fundi avune vipuri. Godoro usilete, watu wanaogopa kunguni na wana haki. Cherehani ya zamani ya chuma, kinyume chake, hugombaniwa kuliko mpya, na mtungi wa gesi haukai dakika kumi.

Watu huniuliza napata nini. Sipati kitu, kila mmoja anauza chake na fedha haipiti mkononi mwangu. Kuendesha mnada kwa malipo ni kazi yenye sheria yake, Sura ya 227, na inataka leseni. Wanaonisihi nichukue walau elfu mbili kwa kila kitu nawaambia: siku nitakayoanza, nitakwenda kwanza kukata leseni, halafu mtakuja kunililia kwamba elfu mbili ni nyingi, tuelewane inbox.