Mholanzi Aliyesoma kwa Mafundi wa Andalusia



Kijana mmoja katika jamaa zetu anataka kusomea kazi ya kubuni michoro: nembo, majalada ya vitabu, matangazo na mfano wa hayo. Wazazi wake wanasitasita. Wanahofu kwamba kazi hiyo haina riziki, na kwamba Muislamu hana nafasi ndani yake. Alipotujia alituuliza swali moja tu: sisi tuna nini cha kumrithisha mchoraji? Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Leo tunamjibu kwa kisa cha mtu ambaye wala hakuwa Muislamu.

Maurits Cornelis Escher alizaliwa Leeuwarden, Uholanzi, mwaka 1898. Baba yake alikuwa mhandisi, naye mwana alipelekwa Haarlem mwaka 1919 kusomea ujenzi wa majumba. Huko mwalimu wa sanaa ya chapa, Samuel Jessurun de Mesquita, aliitazama michoro yake, akamshauri aache majumba ashike kalamu na patasi. Wazazi walikubali. Akajifunza kuchonga mchoro juu ya ubao, kuupaka wino na kuuchapa karatasini.

Mwaka 1922 alifika Granada, mji ambao Waarabu waliuita Gharnata, akaingia katika kasri ya Alhambra. Kasri hiyo ilianza kujengwa mwaka 1238 na wafalme wa Banu Nasr, na kuta zake zimejaa vigae vya rangi na maandishi yanayokariri kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Escher alistaajabu, akanakili mapambo machache, akaenda zake. Moyo ulikuwa umeguswa, lakini mkono ulikuwa bado haujaelewa.

Aliishi Italia miaka mingi akichora milima na vijiji. Mwaka 1935 aliihama, kwani utawala wa Mafashisti ulikuwa umemvisha mwanawe mdogo sare za chama. Sisi tulioacha makwetu kwa ajili ya watoto wetu tunayaelewa mambo hayo. Alihamia Uswisi, na huko hakupata cha kumvutia kukichora. Ndipo mwaka 1936 alipofunga safari ya baharini, nauli akiilipa kwa michoro yake, akarejea Alhambra pamoja na mkewe Jetta. Safari hii hawakupita kama watalii. Walikaa chini kwa siku kadhaa wakinakili vigae kimoja kimoja, kisha wakauzuru msikiti mkongwe wa Qurtuba.

Alichokiona ni hiki. Umbo moja likipangwa kwa hesabu hulijaza eneo lote bila kuacha pengo na bila kupandana. Kati ya maumbo yenye pande na pembe zote sawa, ni matatu tu yanayoweza hivyo yakiwa peke yake: pembetatu, mraba na pembesita. Lakini fundi wa Andalusia hakukomea hapo. Aliukata mraba pande mbili, vipande akavihamishia pande mbili zilizobaki, akapata umbo jipya lenye sura ya mfupa, ambalo bado linashikana na wenzake kama vidole vya mikono miwili.

Mzazi anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Kata karatasi ngumu iwe mraba. Kata kipande chochote upande wa kushoto, ukisogeze moja kwa moja hadi upande wa kulia bila kukigeuza, ukibandike hapo. Sasa mpe mwanao alichore umbo hilo mara nyingi, likifuatana na kugusana. Ataona halina pengo.

Kwa njia za namna hiyo Escher alitengeneza ndege, samaki na mijusi walioshikana, michoro 137 aliyoitia nambari katika madaftari yake. Mwaka 1938 alichapa mchoro wa ndege weupe na weusi wanaopishana kati ya mchana na usiku. Naye hakudharau kazi ndogo. Alibuni stempu za posta, karatasi za kufungia bidhaa, na mwaka 1963 kopo la bati lililopambwa viti vya pweza na makombe.

Escher alisikitika kwamba mafundi wale hawakutia viumbe katika vigae vyao. Hapo tunamwomba radhi. Hukumu ya picha za viumbe tunawaachia masheikh wetu. Lakini twaona kwamba mafundi wale, kwa kuuacha mlango mmoja, waliingia ndani zaidi kwa mlango mwingine, wa mstari, pembe na herufi. Alichokiona yeye kuwa upungufu ndicho kilichowafikisha mahali ambapo yeye mwenyewe alikwenda kuchota.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Tazameni zidaka za Lamu, milango ya Unguja, mkeka wa ukindu, na kofia iliyoshonwa tundu kwa tundu kwa mkono. Bibi aliyesuka mkeka ule hakusoma hesabu shuleni, bali vidole vyake vilihesabu.

Jambo la mwisho ni adabu. De Mesquita alikuwa Myahudi. Mwaka 1944 Wanazi walimchukua pamoja na jamaa yake, akauawa Auschwitz. Escher alikwenda kwenye nyumba iliyobaki tupu, akaiokoa michoro ya mwalimu wake. Karatasi moja iliyokuwa na alama ya kiatu cha askari aliihifadhi mwenyewe. Alijua kwamba anayechota hudaiwa.

Basi jibu letu kwa kijana ni kwamba urithi upo, na mgeni aliukalia chini akausoma. Na wazazi tunawaomba wasimkataze kabla ya kumtazama anavyofanya kazi. Mkeka wa bibi yake, kama bado mnao, mtandikieni mbele yake, pamoja na karatasi na rula.

Wabillahi tawfiq.