Mtoto Hatulii Darasani: Daktari Anapima Nini?

Hatulii kitini, hamalizi zoezi, penseli ya asubuhi haifiki mchana. Malalamiko kama hayo ya mwalimu ndiyo humpeleka mzazi kwa daktari, akitarajia mtoto atolewe damu au apigwe picha ya kichwa. Akifika, anakabidhiwa karatasi ya maswali.

Tatizo la umakini na utukutu uliopita kiasi, ADHD kwa kifupi, halina kipimo cha maabara. Hupimwa kwa ushahidi wa wanaoishi na mtoto na wanaomfundisha. Dodoso la Vanderbilt, kwa mfano, lina nakala ya mzazi na ya mwalimu. Je, hupoteza vitu? Hudakia jibu kabla swali halijaisha? Majibu huanzia "kamwe" hadi "mara nyingi sana".

Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5, uliotolewa mwaka 2013, una dalili 18: 9 za kukosa umakini, 9 za utukutu na papara. Mtoto awe na 6 au zaidi katika kundi mojawapo. Kwa aliyefika miaka 17, dalili 5 zinatosha. Ziwe zimedumu miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zinamkwamisha zaidi ya mahali pamoja. Anayevuruga kipindi cha mwalimu mmoja tu hajafikia hapo.

Daktari hukagua pia macho, masikio na usingizi. Asiyesikia vizuri huonekana mzembe. Anayeduwaa kwa sekunde chache kisha akaendelea na lake huenda ana kifafa.

Umri nao hudanganya. Huko British Columbia, Kanada, watoto huandikishwa shule kwa mwaka wa kuzaliwa, hivyo wa Januari na wa Desemba hukaa darasa moja. Utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha watoto zaidi ya 900,000 ulionyesha kuwa wavulana wa Desemba walikuwa na uwezekano wa kuambiwa wana ADHD uliozidi wa wenzao wa Januari kwa asilimia 30. Wasichana, asilimia 70. Huenda utoto wa kawaida ulikuwa umehesabiwa kuwa dalili.

Kwa kijana wa sekondari kazi ni ngumu zaidi, hasa msichana mpole anayekaa nyuma akiwaza yake bila kumsumbua mtu. Hapo, ili ijulikane kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, mzazi huombwa apekue kabati, alete ripoti za zamani za shule, na daktari aanze kusoma maoni ya mwalimu wa darasa la pili.