Upepo Washika Usukani

Mkulima alimaye kwa ng'ombe akichoka aweza kuwasimamisha, akawafungua nira, akaenda kulala. Baharia aliye peke yake katika mashua ndogo hana nafasi hiyo. Katikati ya bahari kuu nanga haifiki chini. Chombo huendelea usiku na mchana. Akiiacha kana, yaani ule mti unaogeuza usukani, mashua hugeuka ubavu, tanga hupigapiga, na huenda mlingoti ukavunjika. Kwa mtu wa namna hiyo usingizi ni adui kuliko dhoruba.

Bwana Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake tangu mwaka 1895 hata 1898, alibahatika kuwa na chombo kilichokwenda sawasawa kana ikifungwa kwa kamba. Vyombo vingi havina tabia njema kama hiyo.

Aliyeitafutia shida hii dawa kwa bidii nyingi ni Mwingereza, Luteni Kanali H. G. Hasler. Wakati wa vita, mwaka 1942, aliwaongoza askari waliopiga makasia usiku katika mitumbwi hadi Bordeaux, Ufaransa, wakazitegea meli za adui mabomu. Baada ya vita alikuwa na mashua yake, Jester, yenye urefu wa futi 25 na tanga la namna ya Wachina, ambalo aliweza kulipunguza bila kutoka nje kwenye mawimbi.

Nyuma ya mashua alisimamisha ubao mwembamba unaozunguka, mfano wa kile kijogoo cha bati kinachoonyesha upepo juu ya paa. Mashua ikiiacha njia yake, upepo huupiga ubao ubavuni, nao hugeuka. Lakini nguvu zake ni chache mno kupambana na usukani mzito. Hapo ndipo akili ya Hasler ilipoonekana: ubao usifanye kazi, bali utoe amri tu. Katika mtambo alioukamilisha baadaye, ubao hugeuza kidogo bapa la kasia lililoning'inia majini. Maji yapitayo kwa kasi hulisukuma kasia upande kwa nguvu nyingi, na kamba zilizofungwa kwalo huivuta kana. Mashua ikizidi mbio, nguvu nazo huzidi. Na hapana haja ya mafuta wala umeme. Kasoro yake ni kwamba hufuata upepo, haufuati dira. Upepo ukigeuka usiku, mashua nayo hugeuka, na mwenyewe yu usingizini.

Kuujaribu mtambo kama huo karibu na pwani hakutoshi. Mwaka 1960 watu watano walishindana kuvuka Atlantiki kutoka Plymouth mpaka New York, kila mmoja peke yake. Mmoja wao, Francis Chichester, alikuwa na umri wa miaka 58, naye alikuwa ameugua mapafu vibaya. Mtambo wake aliuita Miranda. Kabla ya kuutengeneza alikwenda kutazama mashua za kuchezea zikijiongoza katika bwawa la bustani moja ya London. (Mtu mzima asione haya kujifunza penye michezo!) Alifika wa kwanza kwa siku 40, na Hasler, mwenye chombo kidogo zaidi, kwa siku 48. Wote watano walifika salama.

Jaribio kali zaidi lilikuja mwaka 1968, Robin Knox-Johnston alipotoka Falmouth kuizunguka dunia bila kutua popote. Chombo chake kilichoundwa Bombay kiliitwa Suhaili, jina ambalo watu wa pwani yetu hawatalishangaa, kwani kwao suheli ni upande wa kusini. Kabla hajaipita Australia mtambo wake ulikuwa umevunjika kabisa. Hakurudi. Alipanga matanga mpaka chombo kikajiongoza chenyewe, akalala kwa vipande vipande, akafika Falmouth tarehe 22 Aprili, 1969, baada ya siku 312.

Siku hizi mashua nyingi zina mtambo wa umeme unaofuata dira. Huo hauchoki, ila hula betri, na maji ya chumvi huuharibu. Katika mashindano ya kuizunguka dunia yaliyoanza mwaka 2018 kwa kumbukumbu ya safari ya Suhaili, mitambo ya umeme ilikatazwa. Mshindi, Mfaransa Jean-Luc Van Den Heede, mwenye umri wa miaka 73, alirudi Januari 2019, na mshika usukani wake alikuwa upepo.