KUPENDEZESHA NYUMBA NA KUMKARIMU MGENI KWA MALI CHACHE

Mwezi huu twataka kusema na wenye nyumba, akina baba na akina mama, na walimu pia, juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni la matajiri tu, nalo ni kukaa katika nyumba nadhifu na kumkaribisha mgeni kwa heshima. Wako wasemao, "Sisi maskini, nyumba tutaipamba kwa nini? Na mgeni akija tutampa nini?" Basi wengine kwa kuona haya hufunga milango yao, na wengine hukopa ili waonekane kuwa na kitu, kisha watoto wao hulala na njaa. Njia hizi mbili zote ni mbaya. Iko njia ya tatu, na mahali pafaapo sana kuitazama ni hapa hapa katika nchi ya Buha, yaani Nyarugusu.

HABARI ZA MAHALI HAPO

Nyarugusu iko katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Mwaka 1996, vita ilipowaka katika Kivu Kusini, watu wa Kongo walivuka Ziwa Tanganyika kwa maelfu, wengi wao Wabembe na Wafuliiru wa pande za Fizi na Uvira, wakapewa mahali hapo kuwa kambi yao. Ilipopata karibu miaka 20, yaani mwaka 2015, kukawa na machafuko katika Burundi, na Warundi wengi mno wakakimbilia huko. Kambi iliyokuwa na watu wapatao elfu sitini na kitu ikawa na watu zaidi ya 150,000. Wageni hao walilazwa kwanza katika shule na makanisa, maana nyumba hazikuwatosha. Kisha mwaka ule ule kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo, ikafunguliwa tena ili kupunguza msongamano.

Tazameni basi, watu waliokuwa wageni wenyewe walipokea wageni wengine. Wala hawakuwa na mali. Chakula chao kilikuwa posho ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yaani unga wa mahindi, maharage au njegere, unga wa lishe, mafuta na chumvi, nacho kilipimwa. Posho hiyo ilipunguzwa mwaka 2017. Na mwaka 2023 ilishuka hata ikawa nusu ya kipimo kilichowekwa. Wala hawakuweza kwenda watakako kutafuta kazi, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka kupata ruhusa kabla ya kutoka kambini. Mtu akiweza kumkaribisha mgeni kwa heshima katika hali kama hiyo, sisi wenye mashamba ya mihogo na migomba tutatoa udhuru gani?

1. NYUMBA YENYEWE

Uzuri wa nyumba hauanzi na kitu cha kununuliwa, huanza na ufagio. Ua uliofagiwa alfajiri, nyasi zilizokatwa karibu na ukuta, na mfereji uliochimbwa ili maji ya mvua yasisimame mlangoni, hivi humwambia mgeni habari za mwenye nyumba kabla hajabisha hodi.

Baada ya ufagio ni udongo. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa matofali mabichi, na tofali bichi likiachwa wazi humomonyoka kwa mvua. Kwa hiyo ukuta wafaa kusiribwa kila mwaka, kiangazi, kabla ya masika kuanza. Chukua udongo mwekundu uliochekechwa, tia mchanga kidogo ili usipasuke, ukande kwa maji hata ulainike, upake kwa mkono. Ukikauka, paka udongo mweupe sehemu ya juu, na chini, mahali panaporukiwa na matope, acha wekundu wake au tia makaa yaliyosagwa upate mstari mweusi. Rangi tatu hizi hazigharimu hata senti moja, nazo zapendeza kuliko karatasi za picha zilizobandikwa ovyo zikararuka.

Ndani ya nyumba, kila kitu na kiwe na mahali pake. Madebe ya mafuta ya posho watu wenye akili hawayatupi. Likikunjuliwa na kupigwa nyundo, debe huwa bati la kufunikia mtungi. Likitobolewa chini na kujazwa udongo, huwa chombo cha maua au cha mchaichai mlangoni. Vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mshonaji huunganishwa vikawa kitambaa cha meza au foronya za mito. Wanawake wa Kirundi husuka vikapu vyenye kifuniko kilichochongoka, ambavyo kwao huitwa agaseke. Kimoja tu kikiwekwa juu ya meza chatosha kuwa pambo la chumba kizima. Na mkeka mmoja safi ni bora kuliko viti vinne vilivyovunjika.

Jihadharini na jambo moja. Wako watu wanaojaza chumba cha mbele kwa vitu vya kutazamwa, na huku nyuma watoto hulala chini pasipo blanketi. Nyumba ya namna hiyo haikupambwa, imefichwa tu.

2. MGENI AKIFIKA

Heshima ya kwanza apewayo mgeni ni kuamkiwa vema na kuketishwa. Waha wajulikana sana kwa maamkio yao marefu; hawamwamkii mtu wakipita mbio. Desturi hii si ya kuiacha. Bibi wa nyumba aache kazi aliyo nayo, watoto waje kuamkia kwa adabu, kisha mgeni aulizwe habari za safari na za watu wake. Hayo yote ni bure, na mgeni huyakumbuka kuliko nyama.

Heshima ya pili ni maji. Mtoto ashike birika au kopo, ammwagie mgeni mikononi juu ya beseni, na sabuni iwepo. Si vema watu sita kunawa katika bakuli moja la maji yaliyotulia, kwani uchafu wa wa kwanza humwendea wa mwisho. Msidhani hili ni jambo dogo. Mwezi wa Mei mwaka 2015, wakimbizi walipokuwa wakisongamana Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kilizuka, na watu zaidi ya 30 walikufa katika mkoa wa Kigoma. Ugonjwa ule hupita katika maji machafu na mikono isiyonawiwa. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe, yatiwe katika mtungi wenye kifuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, wala mtu asitie kikombe chake ndani.

Kisha mpe mgeni kinywaji. Sukari ikiwa haba, majani ya mchaichai yaliyopandwa mlangoni hutoa chai yenye harufu nzuri, na watu hukinywa kinywaji hicho kwa furaha hata kwa sukari kidogo.

3. CHAKULA

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba akija mgeni, na wenyeji hula vizuri siku hiyo. Lakini katika nyumba nyingi mambo hugeuka. Mgeni na wanaume hula kwanza, na watoto hupewa masazo. Na chakula kikiwa kidogo, masazo hayapo. Posho ikipungua mgeni hali njaa, mtoto ndiye alaye njaa kwa ajili yake. Basi hii ndiyo kanuni tunayowaomba mwishike katika maneno yetu yote ya leo: tengeni sehemu ya watoto kabla ya kumpakulia mgeni. Afanyaye hivi hamnyimi mgeni kitu. Na mgeni mwenye adabu akijua kwamba alikula sehemu ya mtoto, chakula kitamkaa kooni.

Tena chakula cha karamu kipikwe katika vitu vya nchi yetu. Tuseme umewaalika watu wanane. Kilo moja ya maharage makavu, ikilowekwa usiku kucha na kupikwa, yawatosha. Yale maji ya kulowekea yamwage, kisha chemsha maharage kwa moto mkali, maana maharage yasiyoiva huumiza tumbo. Yaunge kwa kitunguu na mawese ya Kigoma. Mafuta hayo mekundu yana faida kwa macho ya watoto, ila yasiunguzwe mpaka rangi ikapotea. Mboga iwe sombe, ndiyo majani ya muhogo. Yatwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu, kwa kuwa majani mabichi yana sumu. Dagaa wa ziwani wachache, waliokaangwa wakakauka, watieni juu ya sahani ndogo. Kitoweo kidogo kilichowekwa vizuri chaonekana kingi. Ugali uwe wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo. Na muhogo ukiwa mchungu, sharti ulowekwe siku tatu au zaidi na kukaushwa kabla ya kusagwa. Mwisho toeni tunda la msimu, embe au papai au ndizi, lililokatwa vipande na kupangwa.

Tazameni rangi zake: ugali mweupe, sombe ya kijani, maharage mekundu. Sahani zikiwa safi, hata kama hazifanani, hiyo ni meza ya kuheshimika.

4. KUNI

Watu wakihesabu gharama ya karamu husahau kuni, kwa sababu hazinunuliwi daima. Lakini kuni zina bei yake, na mlipaji ni mama. Kando ya kambi miti ilikwisha kukatwa, na wanawake na wasichana walikwenda mbali kutafuta kuni, wakachoka, na wengine wakashambuliwa njiani. Kila kijiti kinachookolewa jikoni ni hatua iliyopunguzwa katika safari ile.

Basi jengeni jiko la udongo lenye mlango mmoja wa kutia kuni, mahali pa mafiga matatu yaliyo wazi pande zote. Pasueni kuni nyembamba, zikaukeni kabla ya kuwashwa. Funikeni chungu. Lowekeni maharage kama tulivyosema, kwani yaliyolowekwa huiva upesi. Na baba wa nyumba asidhani kwamba kualika ni kazi yake na kupika ni taabu ya mkewe. Anayealika watu na akate kuni, achote maji.

5. KARAMU KUBWA

Sasa twafika mahali ambapo nyumba nyingi huanguka, nayo ni arusi, ubatizo na sikukuu. Wahenga walituonya, "Kukopa arusi, kulipa matanga." Mtu huuza posho ya mwezi mzima ili anunue nguo za siku moja, au hukopa fedha kwa riba, na sherehe ikiisha deni hukaa naye miaka. Kuuza unga kidogo ili kupata dagaa au mboga si lawama. Mtu hawezi kuishi kwa unga peke yake. Lakini kuuza chakula cha mwezi ili kusifiwa mchana mmoja ni kuwanyang'anya watoto.

Dawa yake ni desturi za zamani za Waswahili. Moja huitwa kula bia, ndiyo kila mtu kutoa sehemu yake katika karamu moja. Nyingine huitwa kula kikoa, ndiyo kuandaa kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Tena uko upatu, ambao watu kumi hutoa kidogo kidogo kila mwezi na mmoja hupokea zote kwa zamu yake. Nyumba kumi zikiungana hivyo, arusi hufanyika pasipo deni. Jambo kubwa ni kusema wazi tangu mwanzo, "Sisi twatoa ugali na maharage na mahali pa kuketi, anayeweza na alete mboga." Hakuna aibu katika maneno haya. Aibu ni kujifanya tajiri mbele ya watu wanaojua kipimo cha posho yako, maana ni kile kile cha kwao.

MANENO YA MWISHO KWA WALIMU

Walimu wapendwa, nyumba ya mwalimu hutazamwa na watu wote, nao huiga wanayoyaona. Mkinunua viti kwa deni, wazazi wa wanafunzi watanunua kwa deni. Mkisiriba ukuta kwa mikono yenu na kupanda mchaichai mlangoni, nao watafanya hivyo. Wafundisheni wavulana kufagia na kumwagia wageni maji, pamoja na wasichana, ili wasikue wakidhani kwamba ukarimu ni kazi ya wanawake.

Basi mwezi huu kila nyumba na ijaribu mara moja. Chagueni siku, mwalikeni jirani mmoja, hasa yule ambaye haalikwi na watu. Fagieni ua, tengeni sehemu ya watoto, kisha mketi naye mle pamoja. Akiisha kuondoka, hesabuni mlichotumia. Kama hamna deni, wala hakuna mtoto aliyelala na njaa, mwalikeni mwingine mwezi ujao.