Kupanga Kurasa za Nota za Kwaya ni Kuitumikia Sala



Wanakwaya wengi wa parokia zetu wamewahi kupatwa na jambo hili: Utukufu umepamba moto, sauti zote nne zimeungana, mara mstari unakatika katikati ya neno na kila mmoja anahangaika kufunua ukurasa. Wimbo unayumba, na waamini waliokuwa wakisali pamoja na kwaya wanageuka kuitazama. Kosa si la waimbaji, bali la ukurasa uliopangwa vibaya.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963 (namba 112), unafundisha kwamba wimbo mtakatifu, kwa kuwa umeungana na maneno, ni sehemu ya lazima ya liturujia ya fahari. Basi karatasi inayomsaidia mwimbaji kuyatamka maneno hayo sawasawa inaitumikia sala yenyewe.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwezi Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena programu ya Finale. Watunzi walioizoea wanalazimika kuhamishia nyimbo zao kwenye programu nyingine, kama vile MuseScore, ambayo hupatikana bila malipo. Njia ya kawaida ni kutoa faili la MusicXML katika programu ya zamani na kulifungua katika mpya. Nota hufika salama kwa sehemu kubwa, lakini mpangilio wa kurasa mara nyingi huvurugika. Yafaa basi tujue namna ya kuupanga upya.

Kwanza, tuanze na karatasi. Programu nyingine huja zikiwa zimewekwa kwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali sisi hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Tusipobadilisha kipimo hicho mapema, printa huweza kuupunguza ukurasa au kuukata pembeni. Tuache pambizo za milimita 15 hivi kila upande, na zaidi kidogo upande wa kubania. Wakati wa kuchapa, tuchague asilimia 100.

Pili, ukubwa wa nota. Urefu wa mistari mitano, kuanzia wa chini hadi wa juu, ukiwa milimita 6 hadi 7 husomeka vizuri. Kishawishi ni kuupunguza ili wimbo wote uenee katika ukurasa mmoja na kuokoa gharama. Lakini tukumbuke wazee wetu wa sauti ya nne, na taa hafifu za Misa ya alfajiri. Ikiwa sauti zote zinaimba maneno yaleyale kwa mapigo yaleyale, tuziandike katika safu mbili badala ya nne. Karatasi itaokolewa bila kuumiza macho.

Tatu, mahali pa kukata. Programu hukata mistari kwa kufuata nafasi iliyopo, bila kujali maana ya maneno. Ni juu yetu kuilazimisha ikate mwishoni mwa sentensi, au penye koma ambapo waimbaji huvuta pumzi. Ukurasa ufunuliwe penye kituo, na kamwe si katikati ya neno. Wimbo wa kurasa mbili uanzie ukurasa wa kushoto, ili wote uonekane kwa pamoja bila kufunua.

Nne, maneno yenyewe. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa vokali, na herufi kama *mb* na *nd* hazitenganishwi. Tuandike M-ko-mbo-zi, wala si Mkom-bo-zi; u-pe-ndo, wala si u-pen-do. Programu ikigawa silabi yenyewe, huenda ikafuata kanuni za lugha ya kigeni. Hivyo tuzigawe kwa mkono. Beti zikizidi tatu au nne chini ya nota, zinazobaki ziandikwe kando, mwishoni mwa wimbo.

Tano, kichwa cha wimbo. Konstitusio hiyohiyo (namba 121) inadai maneno ya nyimbo takatifu yalingane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Kwa hiyo, pamoja na jina la wimbo, tuandike chanzo cha maneno, mahali pake katika Misa, na jina la mtunzi. Kulifuta jina la mtunzi ni kumnyima haki yake, hata kama nafasi ni finyu.

Kabla ya kutoa nakala za kwaya nzima, tuchape moja tu. Mwimbaji mmoja aishike mahali anaposimama siku ya Dominika, aimbe mwanzo hadi mwisho, nasi tuweke alama kila anaposita. Baada ya kusahihisha, tuhifadhi faili la PDF pamoja na lile la MusicXML, ili programu ikikoma siku moja, wimbo ubaki kwa ajili ya watakaotufuata.

Walimu wa kwaya na watunzi wetu, Mungu aibariki kazi yenu.