Bao usiku, tisheti asubuhi

Novemba 5, 2023, kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifumua Simba mabao 5-1. Kwa shabiki wa Jangwani, kiganja kimoja chenye vidole vitano kilitosha kueleza kila kitu.

Kwa kijana anayejua kuchora kwa kompyuta, usiku kama ule ni dili. Anachora kiganja, anaweka tarehe na matokeo, anatupia picha WhatsApp, na kabla hajalala oda zimeanza kuingia.

Shida ni kwamba utani wa soka hauna umri mrefu. Leo unacheka, wiki ijayo unachekwa. Aliyechapa tisheti 200 akisubiri wateja anaweza kushtukia timu imepigwa, na hakuna tena anayetaka kuivaa.

UZA KWANZA, CHAPA BAADAYE

Hapo ndipo biashara ya kuchapa kwa oda inapowabeba wenye mtaji mdogo. Redbubble ilianza mwaka 2006 huko Melbourne, Australia, na Teespring ikafuata Marekani mwaka 2011. Mchoraji anapakia mchoro wake tu. Mteja akishalipa ndipo tisheti inachapwa, inafungwa na kutumwa, na mchoraji anachukua kinachozidi bei ya kampuni.

Kwa shabiki wa Mbagala, kusubiri kifurushi kutoka ng'ambo ni kuchelewa, utani utakuwa umeshapoa. Lakini mfumo huohuo unawezekana kwa fundi wa mtaani. Picha inachapwa kwenye filamu, kisha inabandikwa kwenye kitambaa kwa mashine ya joto. Hakuna kutengeneza fremu kwa kila rangi, hivyo hata tisheti moja inachapika.

HESABU YAKE

Chukulia kuchapa tisheti 200 kwa mkupuo kunagharimu Sh8,000 kila moja. Hiyo ni Sh1.6 milioni imetoka mfukoni. Ukiuza 60 tu kwa Sh20,000, umepata Sh1.2 milioni. Umekula hasara ya Sh400,000, na tisheti 140 zimelala chini ya kitanda.

Ukichapa kwa oda, fundi anaweza kukutoza Sh14,000 kwa moja. Faida ni Sh6,000 tu, lakini tisheti zilezile 60 zinakuachia Sh360,000. Kweli, kama zote 200 zingeuzika, aliyechapa kwa mkupuo angekucheka. Ila nani anajua matokeo ya mechi ijayo?

Hata hivyo, kuna masharti. Mteja alipe kabla fundi hajawasha mashine na saizi iandikwe kabisa, kwa sababu ikikosewa hiyo tisheti ni yako. Pia chapa moja ya majaribio na uifue. Picha ikibanduka kwa mteja, lawama hazimwendei fundi, zinakuja kwako.

MTEGO WA NEMBO

Hasara kubwa zaidi haiko kwenye mashine, iko kwenye nembo ya klabu. Mashabiki wa Arsenal wana mfano wao.

Matthew Reed alianza kuuza bidhaa za mashabiki nje ya Uwanja wa Highbury, London, mwaka 1970. Kwenye meza yake aliweka tangazo kwamba bidhaa zake si rasmi. Arsenal ikamfikisha mahakamani kwa kutumia alama zake za biashara.

Reed alijitetea kwamba mashabiki wanavaa alama zile kuonyesha mapenzi kwa timu, si kwa kuamini zimetoka klabuni. Novemba 2002 Mahakama ya Ulaya iliiunga mkono Arsenal, na Mei 2003 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikafunga mjadala kwa kuipa klabu ushindi. Miaka zaidi ya 30 mtaani na lile tangazo havikumwokoa.

Kwa mchoraji wa Dar, somo liko wazi. Alama za biashara zinasajiliwa Brela, na kuandika "si rasmi" si kinga. Mnyama wa kwenye nembo ya Msimbazi ana mwenyewe, vivyo hivyo nembo ya Jangwani.

Ila kiganja ulichochora mwenyewe, tarehe ya mechi na neno la kijiweni ni vyako kuvitumia. Mashabiki wataelewa tu. Siku ya 5-1 hakuna aliyehitaji nembo ili ajue vidole vitano vina maana gani.